BETRI BANDIA ZA KUCHAJI: ZITAMBULIWE KWA HESABU, KWA MIZANI NA KWA SAA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba

Ni nadra siku hizi, katika visiwa vya Unguja na Pemba, kuikuta nyumba isiyokuwa na betri ya kuchaji. Imo ndani ya simu, imo ndani ya tochi iliyotundikwa ukutani, imo ndani ya redio, na imo chini ya meza katika nyumba zinazotumia umeme wa jua. Wavuvi wa dagaa, ambao zamani walitoka usiku na karabai za mafuta ya taa, wengi wao sasa hutoka na taa za betri. Mkunga wa kijijini ambaye umeme umemzimikia katikati ya kazi hutegemea tochi ya kuchaji mpaka mama ajifungue salama. Kwa hivyo betri si kitu cha anasa tena. Ni kitu ambacho mtu hukiaminia maisha yake na ya wenzake.

Wakaazi wa Unguja wanaijua vyema thamani ya chombo hicho. Mwezi wa Mei 2008 umeme unaoletwa kutoka Tanzania Bara kwa waya wa baharini ulikatika, na kisiwa kikakaa kizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika tena, na haukurejea hadi mwezi wa Machi 2010. Ijapokuwa waya mpya ulioanza kazi mwaka 2013 uliipunguza shida ile, mazoea ya kuweka betri ya akiba nyumbani yamebaki, nayo ni mazoea mema.

Hata hivyo, penye haja ya watu hapakosi mwenye tamaa. Pamoja na betri nzuri, huingia pia masokoni betri ambazo namba zilizoandikwa juu yake hazilingani na kilichomo ndani yake. Mnunuzi hulipia ujazo wa betri tatu akapewa ujazo wa betri moja. Huku ni kupunja vipimo, na dhambi hiyo si ngeni. Kila aliyepita chuoni anaijua Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaowapunguzia watu vipimo. Kilichobadilika ni kwamba punjo la leo limefungwa ndani ya kopo la chuma, na mnunuzi hawezi kulimwaga mezani akalihesabu.

Maelezo haya yamekusudiwa kumwonesha mwananchi kwamba, pamoja na hayo, betri bandia inaweza kutambuliwa bila ya maabara. Lebo huigwa, rangi huigwa, na jina la kiwanda huigwa. Lakini yapo mambo matatu ambayo ni taabu kuyaghushi yote kwa pamoja, nayo ni hesabu, uzito na muda.

BETRI BANDIA NI NINI

Betri bandia ni za namna tatu. Ya kwanza ni ile iliyobandikwa jina la kiwanda mashuhuri ilhali haikutoka kwenye kiwanda hicho. Ya pili ni ile yenye jina lake yenyewe, lakini namba ya ujazo iliyoandikwa juu yake ni ya uongo. Ya tatu ni seli kongwe, aghalabu iliyong'olewa kutoka katika betri ya kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutupwa, kisha ikavalishwa ganda jipya la plastiki na kuuzwa kama mpya.

Ujazo wa betri huandikwa kwa herufi mAh, yaani miliampia-saa. Hicho ni kipimo cha umeme kama vile pishi na kibaba vilivyo vipimo vya nafaka. Betri ya 2,000 mAh inaweza kutoa mkondo wa miliampia 200 kwa muda wa saa 10, au miliampia 500 kwa muda wa saa 4. Volti ni jambo jengine. Mrija mwembamba na pipa pana vyaweza kusimamisha maji kwa kimo kimoja, lakini maji ya pipa hunywesha ukoo na ya mrija hayajazi hata kikombe. Volti ni kimo cha maji, na mAh ni wingi wake. Kwa sababu hiyo, muuzaji anayeipima betri kwa mita ya volti mbele ya mnunuzi, akamwonesha kwamba imejaa, hakuthibitisha ujazo wake. Betri bandia nayo huonesha volti kamili.

KWA NINI JICHO HALITOSHI

Zipo alama za nje zinazofaa kuangaliwa. Maandishi yenye makosa ya tahajia, ganda lililobandikwa upande, kukosekana kwa tarehe au namba ya utengenezaji, na seli nyingi zenye namba moja ile ile ni mambo ya kutilia shaka. Seli kongwe mara nyingi huwa na vidoa vidogo vya kuchomelea kwenye ncha zake, au mikwaruzo iliyofichwa chini ya kizibo cha karatasi. Aidha, kampuni ya Sony ya Japani iliikabidhi biashara yake ya betri kwa kampuni ya Murata mwaka 2017. Kwa hivyo seli ya lithiamu inayouzwa leo kuwa ni mpya, nayo imeandikwa jina la Sony, inahitaji kuulizwa mara mbili.

Lakini alama hizo zisiwe ndiyo tegemeo pekee, kwa kuwa waghushi nao hujifunza. Mwenye mashine nzuri ya kuchapa hufanya lebo isiyotofautiana na ile ya asili. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Betri bandia nayo uzuri wake ni wa nje, na ikipata kazi basi.

KIPIMO CHA KWANZA: HESABU

Kila umbo la betri lina kikomo cha ujazo ambacho viwanda bora kabisa duniani havijaweza kukipita kwa mbali. Mwenye kuvijua vikomo hivyo huikataa betri ya uongo kabla hajatoa fedha mfukoni.

(a) Betri ya nikeli ya ukubwa wa AA, yaani ile ya tochi ndogo na redio, ina volti 1.2. Ujazo wake wa kweli kwa kawaida ni baina ya 1,900 na 2,700 mAh. Iliyoandikwa zaidi ya 3,000 haisemi kweli.

(b) Betri ya nikeli ya ukubwa wa AAA, iliyo nyembamba zaidi, huwa na ujazo wa baina ya 700 na 1,100 mAh.

(c) Seli ya lithiamu iitwayo 18650 ndiyo inayotumika katika tochi kubwa na katika pawabenki nyingi. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Volti yake huandikwa 3.6 au 3.7. Zilizo nzuri huwa baina ya 2,000 na 3,500 mAh, na chache mpya, zenye bei kubwa, hukaribia 4,000. Zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 6,000, 8,800 au 9,900 ni za uongo zote, bila ya haja ya kuzipima.

(d) Seli ya 21700, ambayo ni nene na ndefu zaidi kidogo, inaweza kufikia 5,000 mAh na kuzidi kidogo. Mnunuzi asichanganye umbo hili na lile lililotangulia.

Kadhalika mnunuzi aangalie herufi zinazofuata namba. Betri nyengine huandikwa mWh, yaani miliwati-saa, ili namba ionekane kubwa. Huo si uongo, lakini humpoteza asiyejua. Ili kupata mAh, namba ya mWh hugawanywa kwa volti. Betri ya volti 1.5 yenye 3,000 mWh ni sawa na 2,000 mAh tu.

Kwa upande wa pawabenki, hesabu inafaa zaidi. Tuseme pawabenki imeandikwa 50,000 mAh. Ikiwa kila seli nzuri ya 18650 ni 3,500, basi ndani yake hapana budi ziwemo seli zaidi ya 14. Kama chombo chenyewe kinaenea katika kiganja cha mkono, seli 14 zimekaa wapi? Inapasa pia ieleweke kwamba namba ya pawabenki huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani, ilhali umeme unaotoka kwenda kwenye simu ni wa volti 5, na sehemu nyengine hupotea njiani. Kwa hivyo pawabenki ya kweli ya 10,000 mAh huipa simu 6,000 na kitu hivi. Mtengenezaji mkweli huandika namba zote mbili, na pawabenki ya namna hiyo isidhaniwe kuwa ni bandia.

KIPIMO CHA PILI: MIZANI

Mkulima wa karafuu hakubali karafuu zake zikadiriwe kwa macho. Huzifikisha kwenye mizani. Mnunuzi wa betri naye afanye vivyo hivyo, kwa sababu umeme huwekwa ndani ya madini, na madini yana uzito. Anayetaka kupunguza gharama hupunguza madini, na mizani humfichua. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu inatosha, na asiyekuwa nayo anaweza kumwomba sonara ampimie.

Betri ya AA ya nikeli yenye ujazo wa 2,000 mAh au zaidi huwa na uzito wa baina ya gramu 26 na 31. Ile ya AAA huwa gramu 11 hadi 14. Seli ya 18650 huwa gramu 44 hadi 50, na ya 21700 hukaribia gramu 70. Seli ya 18650 yenye gramu 30 au 35, nayo imeandikwa namba kubwa, haina ndani yake kile kilichoandikwa. Baadhi ya seli zilizopasuliwa na wataalamu zilikutwa na kiseli kidogo katikati, na nafasi iliyobaki imejazwa unga usiokuwa na kazi yoyote.

Ile pawabenki ya 50,000 mAh iliyotajwa juu, yenye seli zaidi ya 14, haiwezi kuwa na seli chini ya gramu 650 hivi, mbali na ganda lake. Ikiwa yote pamoja ina gramu 250, hesabu na mizani vimekwisha kutoa hukumu.

Hata hivyo mizani peke yake inaweza kudanganywa. Waghushi wengine hutia mchanga au kitu kizito ili uzito utimie. Wepesi wa betri unathibitisha uongo, lakini uzito wake hauthibitishi ukweli. Hapo ndipo inapohitajika saa.

KIPIMO CHA TATU: SAA

Kipimo hiki hufanywa nyumbani baada ya kununua. Ndiyo sababu wananchi wanahimizwa kudai risiti na kukubaliana na mwenye duka muda wa kurejesha bidhaa.

Betri itumike kwanza mpaka chombo kizime chenyewe, kisha iwekwe kwenye chaja inayojizima betri ijaapo. Juu ya chaja huandikwa mkondo inaoutoa kwa kila betri. Kama chaja inatoa miliampia 500, seli ya lithiamu ya 3,000 mAh haina budi kuchukua saa 6 au zaidi kidogo. Ikijaa kwa saa moja na nusu, ujazo wake haufiki hata 800. Betri za nikeli hupoteza umeme kidogo wakati wa kuchajiwa, hivyo huchukua muda mrefu zaidi ya hesabu. Betri ya 2,000 mAh katika chaja ya miliampia 200 huchukua saa 12 hivi. Chombo hakiwezi kujaa upesi kuliko kinachomiminwa ndani yake.

Njia ya pili ni kushindanisha. Ichukuliwe tochi moja, na betri mbili zilizojaa, moja ikiwa ni ile inayojulikana kuwa ni njema. Tochi iwashwe kwa betri ya kwanza, na muda uandikwe mpaka mwanga ufifie. Kisha ifanywe hivyo hivyo kwa betri ya pili. Njia hii haihitaji chombo chochote isipokuwa saa na subira.

BETRI ZA UMEME WA JUA

Katika vijiji na visiwa vidogo betri ya sola ni mali ya nyumba nzima, na hasara yake ni kubwa. Betri ya risasi ya volti 12 yenye ujazo wa ampia-saa 100 kwa kawaida hukaribia kilo 30, kwa kuwa risasi ni madini mazito. Ikiwa kijana mmoja anaibeba kwa mkono mmoja akakimbia nayo, risasi yake haikutimia. Zipo pia betri mpya za lithiamu zenye chuma na fosfati, ambazo kwa ujazo huo huo huwa na kilo 10 hadi 13 hivi. Hizo wepesi wake ni wa haki, lakini bei yake ni kubwa na aina yake huandikwa wazi. Mnunuzi aulize kwanza ni aina gani, ndipo aipime.

MADHARA YAKE

Lau hasara ingekuwa ya fedha tu, jambo hili lingekuwa jepesi. Seli njema ya lithiamu ina vizuizi vinavyoizuia kupasuka inapopata joto kupita kiasi, na baadhi zina kibao kidogo cha ulinzi kinachokata umeme. Mwenye kughushi huanza kwa kuviondoa hivyo, maana mnunuzi havioni. Seli ya namna hiyo ikichajiwa kupita kiasi, au ncha zake zikigusana na funguo au sarafu mfukoni, inaweza kuwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Mwezi wa Septemba 2010 ndege ya mizigo iliyobeba shehena ya betri za lithiamu ilishika moto karibu na Dubai ikaanguka, na marubani wake wawili wakafariki. Hazikusemwa kuwa ni bandia betri zile. Ikiwa moto wa betri ni mkali kiasi hicho, iliyoondolewa vizuizi ni ya kuogopwa zaidi.

Kwa hivyo wananchi wanashauriwa yafuatayo. Betri isichajiwe juu ya godoro, wala chini ya mto, wala karibu na ukuta au paa la makuti. Isiachwe kwenye chaja wakati watu wa nyumba wamelala. Iliyovimba, inayovuja au inayopata joto kali isitumike tena, bali iwekwe nje ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga mkavu. Betri isitobolewe, isitupwe motoni, wala isitupwe kisimani au baharini. Moto ukitokea, watu watoke kwanza na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiitwe. Betri ndogo iliyoshika moto, ikiwa haikuunganishwa na umeme wa ukutani, hupozwa kwa maji mengi.

Wasafiri wa ndege wakumbuke kwamba betri za akiba na pawabenki hubebwa mkononi na si ndani ya mizigo inayopakiwa chini. Zinazozidi wati-saa 100 huhitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zinazozidi 160 haziruhusiwi. Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha mAh kwa volti 3.7 na kugawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 50,000, kwa maandishi yake, ni wati-saa 185. Msafiri anaweza kunyang'anywa uwanjani kwa sababu ya ujazo ambao hata ndani haumo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Watumishi wa Serikali wanaohusika na manunuzi na bohari wana dhamana maalumu. Betri iliyonunuliwa kwa ajili ya kituo cha afya, skuli au doria ya baharini haikununuliwa kwa fedha za mtu binafsi, na atakayeumia pale itakapozima siye aliyeipokea. Kabla ya kutia saini hati ya mapokezi, ni vyema mtunza bohari akachagua betri chache katika kila shehena, akazipima kwa mizani, akazijaribu kwa chaja, na akaandika matokeo katika kitabu. Kazi hiyo ni ya siku moja.

Wafanyabiashara nao wadai ankara kwa wanaowauzia kwa jumla. Mara nyingi mwenye duka dogo la Darajani au Chake Chake amedanganywa kama mteja wake. Anayejaribu bidhaa yake kabla ya kuiuza hulinda jina lake mwenyewe.

Mwananchi aliyeuziwa betri bandia aihifadhi pamoja na risiti na kasha lake, airejeshe dukani kwa maneno mazuri, na asiposikilizwa alifikishe jambo hilo kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa chini ya Sheria ya mwaka 2011, au kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Anayenyamaza kwa kuona haya humwachia jirani yake apunjwe kesho kwa betri zile zile.

Mvuvi aliye baharini usiku hawezi kurudi dukani kulalamika, wala mkunga hawezi kumwambia mtoto asubiri. Betri zao zipimwe mchana, nchi kavu, wakati ambapo kosa bado linaweza kurekebishwa.